Mashine Isiyomjua Mama

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: nikubali kufundisha watoto kompyuta katika saiba ya Bondeni, kibanda cha kukodisha kompyuta, au niendelee kungoja kazi safi? Nilikuwa nimeenda kuiona, nikakuta kibodi ina mafuta ya chipsi na nywele zimenasa kati ya vitufe. Nilirudisha mkono mfukoni, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mle mle.

Jasho na soksi vilinuka vile vile. Binamu yangu Brayo alinifungulia kwenye skrini dirisha jeusi la Python, lugha ya kuiagiza kompyuta; humo ukiandika mstari kompyuta inakujibu papo hapo. Niliandika kwamba mama ni Akinyi. Nikaandika mama, ikajibu Akinyi. Niliamini mle ndani kuna mtu, na sasa anamjua mama yangu.

Brayo alilifunga dirisha, akalifungua tena. Nikaandika mama. Ikajibu kwamba jina hilo hailijui.

"Imekukataa, buda!" Brayo akacheka. "Mikono inanuka omena."

Kweli, nilikuwa nimemsaidia mama kuchambua omena, dagaa wa ziwani, za kuuza. Nilikimbia nyumbani, nikasugua mikono kwa sabuni na mchanga hadi ikawasha, nikarudi kwenye vile vitufe vya kunata. Bado haikumjua. Jioni hiyo mama aliponishika shavu kwa mikono yake ya omena, niligeuza uso.

Leo najua dirisha lile husahau kila kitu likifungwa, hata mikono iwe safi vipi. Jumatatu niliikubali kazi ya saiba, nikabeba spiriti na pamba, nikasugua kibodi huku nikijizuia kutapika. Kisha nikamwonyesha mtoto wa kwanza jinsi ya kuhifadhi jina la mama yake kwenye faili, lisipotee dirisha likifungwa.