Tundu Lilikuwa kwenye Wavu Wangu

Nakumbuka asubuhi ile, kijana wangu, kama mtu anavyokumbuka kovu lake. Nilipakia sanduku la mke wangu Véro kwenye mtumbwi wa injini, nikamrudisha kijijini Yanonge kwa baba yake. Miaka sita ya ndoa bila mtoto. Huku Kisangani dada zangu walimwita mpapai dume, mti wa maua matupu, nami nilicheka pamoja nao. Nyani haoni kundule.

Baba mkwe alikuwa akishona nyavu ufukweni. Sanduku hakulitazama.

"Bon, mukwe. Nyavu yangu ikirudia bure, ninasema muto haiko na samaki?"

"Hapana, papa."

"Ninatafuta kwanza tundu. Ya kwako, uliiangalia?"

"Papa, mwanaume hapimwiki!"

Véro akacheka. "Iko anaogopa, papa. Hata sindano anaikimbiaka."

Kicheko kile kilinishinda; tulirudi mjini na sanduku letu, tukapimwa wote wawili. Véro hakuwa na kasoro. Mbegu zangu ndizo zilizokuwa chache na dhaifu. Véro aliikunja karatasi ya majibu, akaitia katika mfuko wa shati langu.

"Dada zako, utawasomea weye."

Jumapili baada ya misa, mbele ya ukoo mzima, nilisimama, nikaisoma. "Mpapai dume ni mimi."

Kisha yaya Régine, dada yangu mkubwa, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, akafungua kikwembe, kitenge chake kipya, akamfunga Véro kiunoni, akapiga vigelegele. Mke wangu alipita barabarani kichwa juu, na mimba bado hana!

Baadaye tulikwenda Kampala, mji niliouzoea katika kutangatanga kwangu. Madaktari waliunganisha mbegu yangu na yai lake nje ya mwili, wakamrudishia tumboni. Majirani wakanong'ona: mtoto wa chupa.

"Chupa iko yangu, mutoto iko wangu," Véro akawajibu, "wivu iko yenu!"

Leo Dorcas, binti yetu, anashona nyavu na babu yake.

Basi, kijana wangu, usimrudishe mke kwao kabla hujajipima. Kipimo husema kwa karatasi, lakini heshima hurudishwa kwa mdomo, palepale ilipovunjwa. Na mtoto asipokuja, mheshimu vilevile. Véro alishinda Jumapili ile, kabla ya Dorcas.

Mungu akupe wavu mzima, na likiwapo tundu, akupe ujasiri wa kulionyesha mchana kweupe.