Nyuma ya Tele

Nilipofungua katoni ya mashine ya sauti ya tele sebuleni kwangu hapa Ibanda, harufu ya plastiki mpya ilinipiga puani. Nilitoa spika nyingi, nyaya zisizo na mwisho na kitabu kinene kisichonisaidia kitu. Simu ilidai namba ya siri, namba ikadai intaneti, kisha mashine ikaniagiza niweke maikrofoni yake kwenye kila kiti wanapokaa watu, ipime sauti. Niliiweka kwenye kiti changu. Ikauliza cha pili. Nikabonyeza "Maliza".

Tele yetu ya kwanza ilinukia hivi hivi, kule kwetu, mvua ikipiga mabati. Ilikuwa na waya mmoja tu, wa antena, na picha haikutulia mpaka mtu aushike kwa mkono. Papa aliushika, picha ikakataa. Maman aliushika kwa vidole vyake vyenye harufu ya kitunguu, picha ikakubali. Basi akabaki amesimama nyuma ya tele mpaka filamu ikaisha, sisi na majirani tumebanana kwenye mkeka, tunacheka mpaka machozi.

"Maman, wewe hauone kitu!" nilimwambia.

"Niko naona," akajibu, akituangalia mmoja mmoja. "Niko naona muzuri."

Leo, nilipowasha filamu, spika moja ilikataa kulia. Nikajipenyeza nyuma ya tele hii pana, nikashika waya wake, na vicheko vya watu wa kwenye filamu vikajaa nyumba nzima. Nikainua macho.

Kutoka pale nyuma, viti vyote vinaonekana, vitupu.