Moto wa Kwanza Pale Bichi

Kama umekuja kunipima akili, kaa chini utulie kwanza. Haya nitakayosema niliyaona mchana, macho makavu, na pombe sijawahi kuionja hata ile ya harusini. Wako wanaosema nilikibuni kisa hiki ili bei za nyumba zishuke. Zishuke nifaidike nini, na mimi ninaishi huko huko? Wengine husema ni upweke unaonisumbua. Hao ndio huniudhi zaidi.

Hapa Eldoret kuna mtaa mpya kando ya bwawa la zamani, upande wa mashamba ya ngano. Wenye mradi waliupa jina refu la Kizungu, lakini sisi sote tunauita Bichi. Walileta mchanga mweupe kwa malori, wakaumwaga ukingoni mwa maji, wakasimamisha miavuli ya makuti na viti vya kujinyoosha. Baridi ya Eldoret unaijua. Lakini nenda pale Jumapili uone watu walivyojipanga mchangani na sweta na kofia za sufu, wakipiga picha kana kwamba wako ufukweni Diani. Ukisikia vijana wa mjini wakisema fulani anakaa Bichi, wanamaanisha amefika.

Nami nilitaka kufika, sitakuficha. Nilikuwa fundi wa kushona sare za shule, nikiishi chumba kimoja Langas, ambako jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Nilishona mpaka vidole vikaota sugu. Siku nilipokabidhiwa funguo nililia pale mlangoni, tena kwa sauti, na askari wa geti akajifanya hanioni. Ndani mlikuwa na sakafu ya taili nyeupe na dirisha kubwa linalotazama maji. Sikuwahi kuwa na dirisha linalotazama kitu isipokuwa ukuta.

Sasa nikueleze mila ya kwetu, watu wa Magharibi ya Kenya, maana bila hiyo hutaelewa. Nyumba mpya haiingiwi hivi hivi. Moto huwashwa ndani, ugali hupikwa, mwenye nyumba hula, ndipo nyumba inakuwa ya mtu. Kabla ya hapo hakitoki kitu. Jirani akija kuomba moto kabla hujapika, nawe ukampa, umempa na nyumba. Ukimnyima, umetangaza uadui, kwa sababu moto haunyimwi mtu. Ndiyo maana wazee wetu walipika siku ile ile waliyohamia.

Basi kaka yangu mkubwa, Wekesa, akanipigia simu.

"Nitakuja Ijumaa nilale hapo wa kwanza," aliniambia. "Lazima mwanaume atangulie. Hiyo ndiyo itafanya nyumba ishike."

"Nyumba imenishika tayari," nikasema.

"Dada yangu, nyumba ya mwanamke peke yake hailali. Tuandike hata jina la kijana wangu hapo, ndiyo uwe na mtu."

Hapo nikaelewa. Wekesa hakutaka kulala, alitaka kukaa. Nikamwambia nyumba hii nimeinunua kwa sindano yangu na nitailalia mwenyewe. Akajibu polepole, kwa ile sauti yake ya mazishini: "Utatoka hapo ukikimbia. Na ukikimbia, utanipata hapa nje nikikungoja."

Nilimkatia simu kwa hasira. Kwa hasira hiyo hiyo nikaitupa mila yote pamoja naye, moto na ugali vikiwemo. Isitoshe, sheria za mtaa zilikataza jiko la makaa ndani, eti moshi huchafua kuta, na gesi yangu ilikuwa bado haijaunganishwa. Nikawa nakula chipsi za mjini na kunywa chai ya thamosi. Nyumba yangu ikakaa bila moto, na mimi nikajiona mtu wa kisasa.

Jirani yangu alikuwa Mama Shiru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, watu wake walitoka upande wa Nyeri. Asubuhi moja nilimkuta akipakia magodoro kwenye pikapu.

"Unahama, na juzi tu ndiyo ulihamia?"

"Nyumba imekataa kukauka," alisema. "Nguo ziko na ukungu, viatu ziko na ukungu, hata Biblia. Fundi amekuja mpaka amechoka. Anasema bomba ziko sawa."

"Si ni hili bwawa?"

Aliyatazama maji, kisha akanisogelea. "Kuna mama hukuja mvua ya mawe ikinyesha. Anaomba moto. Mimi nilimwambia huku tunatumia gesi, aende aombe kwingine, nikafunga mlango. Tangu hiyo siku nyumba haijakauka. Akikuja kwako usifungue, mama. Nakuomba."

Nilicheka. Wewe ungefanya nini? Nilimsaidia kubeba ndoo, nikamtakia heri, nikaenda zangu kazini.

Haikupita wiki. Ilikuwa Jumamosi, nimeketi karibu na dirisha nikikata vitambaa vya sketi. Wingu jeusi likatoka upande wa Timboroa, stima zikapotea, na mawe yakaanza kupiga paa hata ukisema huwezi kujisikia. Mchana ukawa giza la magharibi. Katika kelele hiyo yote nikasikia mlango ukibishwa taratibu, na sauti ya mwanamke ikisema, "Mulembe."

Hiyo ni salamu ya kwetu. Nami niliitika kabla sijafikiri, kwa maana salamu ya nyumbani huitikiwa na mdomo, akili hufuata baadaye. Nikafungua.

Mbele yangu alisimama mama wa makamo. Jicho la fundi halikosi kutazama nguo, hata katika hofu. Gauni lake lilikuwa la marekani, kile kitambaa kizito cha zamani, na pindo zote zimeshonwa kwa mkono, sindano ya mbele na nyuma, kama bibi yangu alivyoshona. Mawe yalianguka kumzunguka, lakini mabega yake yalikuwa makavu. Kuanzia magotini kwenda chini ndiko alikolowa, akichuruzika tope jeusi lenye majani ya bwawani. Mkononi alishika kigae cha chungu kilichovunjika.

"Naomba moto," akasema.

Nywele zilinisimama mpaka nikahisi kitambaa changu cha kichwa kimeinuka. Nikamkumbuka Mama Shiru, nikataka kufunga. Mkono ukakataa. Sijui alipitaje, maana mimi sikumpisha, lakini nilipogeuka alikuwa ndani. Akapita makochi yangu mapya bila kuyatazama, akachuchumaa kwenye kona chini ya dirisha, akaweka kiganja juu ya taili.

"Mafiga yangu yako hapa chini," akasema. "Sisi tulikuwa vibarua wa mzungu. Siku hiyo tulikuwa shambani tunapalilia, yeye akaufunga mto ili bwawa lake lijae. Tuliporudi, maji yalikuwa yameingia nyumba za chini. Wenzangu wakabeba watoto wakapanda. Mimi nikashuka nikaokoe kaa moja tu la moto, niende nalo mbele. Sikupanda tena."

Bibi yangu pia alikuwa kibarua, alivuna mahindi ya wenyewe kule Chepsaita mpaka mgongo ukapinda. Huenda walijuana na huyu. Niliwaza hivyo, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia.

Halafu akageuza shingo, akanitazama.

"Moto wa hapa ni wa nani?"

Nikaona maji yakitokeza katikati ya taili, kidogo kidogo, yakinijia miguuni. Baridi yake sijawahi kuiona hata Julai. Kila kiungo changu kiliniambia kimbia. Mlango ulikuwa wazi, ningeruka mara moja ningekuwa nje. Lakini nje kungekuwa na nini? Kungekuwa na Wekesa na ile sauti yake ya mazishini. Ningekimbia kwenda mdomoni mwake. Sasa niambie, kati ya mzimu na kaka wa namna hiyo, wewe ungemwogopa nani? Hasira yangu ilikuwa bado imesimama.

"Nyumba hii ina mwenyewe," nikasema. "Ni mimi."

"Haijapikwa."

"Itapikwa sasa hivi. Moto wa kwanza ni wangu. Wa pili nitakupa, kwa sababu wewe ni jirani na moto haunyimwi mtu. Lakini nyumba sikupi, mama."

"Mwanaume wako yuko wapi?"

"Sina. Nimeinunua kwa sindano."

Akanyoosha mkono, akashika vidole vyangu. Mkono wake ulikuwa baridi kama mtungi uliolala nje. Akazipapasa zile sugu moja moja, kama mtu anayechambua maharagwe. Kisha akaniachia.

"Washa," akasema.

Nilikuwa nimelificha stoo lile jiko langu la Langas, pamoja na makaa kidogo, kwa aibu ya kulitupa. Nikalileta nikaliweka pale pale kwenye kona, juu ya taili niliyokuwa naipangusa kila asubuhi. Kiberiti kilikuwa kimeingia unyevu. Njiti ya kwanza ikazima, na maji yakanifika kwenye vifundo. Ya pili ikazima. Nikachana karatasi ninazochorea vipimo vya sare, nikazisokota chini ya makaa, nikamwomba Mungu, tena si kwa unyenyekevu, nilimwambia asinifanyie hivyo baada ya kazi yote ile. Njiti iliyofuata ikashika.

Moshi ukapanda mpaka kwenye dari nyeupe. Taili ikapasuka kwa mlio. Nikateleka maji, nikatia unga, nikasonga ugali nikikohoa na kulia, na yule mama amechuchumaa ng'ambo ya jiko akinitazama mwiko. Mboga sikuwa nayo. Nikamega tonge la moto, nikachovya kwenye chumvi, nikala mbele yake. Liliniunguza ulimi, nikalimeza hivyo hivyo. Nilipolimeza niliona sakafu imekauka.

Nikamkaribisha naye. Hakula, aliinama tu juu ya sufuria akavuta ule mvuke, akafumba macho. Sijawahi kumwona mtu mwenye njaa namna ile. Kisha akasukuma kigae mbele yangu. Nikachagua kaa kubwa lililoiva, nikaliweka humo.

"Chukua, jirani," nikamwambia.

Akasimama. "Sasa umehamia," akasema, akatoka.

Nilimfuata kwa macho kupitia dirishani. Alitembea juu ya mawe ya mvua bila kuacha alama, akapita miavuli ya makuti, akaukanyaga ule mchanga wa malori na kuingia majini. Magoti yakazama, kiuno, mabega, kichwa. Lakini lile kaa, niamini, halikuzima. Nililiona likienda chini ya maji, jekundu, mpaka katikati ya bwawa, likatua. Pale lilipotua ndipo kwao.

Tangu siku hiyo ncha ya ulimi wangu haisikii chumvi. Kwenye kona kuna duara jeusi na taili iliyopasuka. Nilimwita fundi akabadilisha, mvua ya mawe iliyofuata ile mpya ikapasuka vile vile, nikaiacha. Kila mawe yakianguka yeye huja na kigae chake, hunisalimu, nami humpa kaa. Hatuzungumzi mengi. Mara moja alinionyesha pindo lililofumuka, nikalishona hapo hapo akiwa amelivaa.

Kamati ya mtaa imenionya kuhusu moshi. Niliwaambia waje kukagua, ila waje siku ya mvua ya mawe, na mpaka leo ninawasubiri. Nyumba za jirani ni tupu, zinanuka ukungu. Madalali hunipigia: "Mama, si uuze tu, hiyo mahali imeharibika." Siuzi. Wekesa naye alikuja, akaona duara, akauliza. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Alikunywa chai amesimama, jicho liko mawinguni, akaondoka kabla haijapoa. Habari ya jina la kijana wake hajaitaja tena.

Kwa hiyo wewe unayezunguka kule na mtu wa kuuza nyumba, ukitazama dirisha na mchanga, uliza kwanza ni nani aliyepika chini ya sakafu hiyo. Usilale ndani kabla hujapika. Na mtu akibisha kuomba moto, usimwambie eti unatumia gesi.

Na ukisikia watu wakisema nimekimbia Bichi, wanakudanganya. Subiri mvua ya mawe, kisha uje ubishe. Utatukuta tuko wawili, na moto unawaka.