Maswali Niliyouliza kwa Jina la Kungwi

Asubuhi ile nilitoka Kawajense, mtaa niliokuwa nakaa mjini, bila mpango. Nilikuwa na begi moja na simu niliyoizima. Bodaboda ya kwanza iliposimama, dereva akaniuliza naenda wapi, nikamwuliza yeye anaelekea wapi. Akasema Mwese. Nikapanda.

Tangu niache shule darasa la sita nimehama sana, lakini safari nyingine zote nilikuwa nafuata kitu nikione. Hii nilikuwa nakimbia.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa naendesha mitandao ya mama mmoja anayeuza shanga, khanga na mafuta ya kujipaka pale mjini. Kwa wanawake wengi alikuwa pia kungwi. Kuandika kwenye simu kulimshinda, kwa hiyo alinikabidhi simu ya duka na sheria. Facebook ni barazani, alisema, hata mchungaji na watoto wa shule wanapita hapo. Ya chumbani yakae kwenye blogu. Blogu niliiwekea ukurasa unaouliza umri kwanza. Swali likija namsomea, anajibu kwa mdomo, naandika. Nisimjibu mtu kwa kichwa changu, maana wanawake wale walijua wanaongea na mwanamke mwenzao.

Kisha akaandika mama wa mapacha kutoka kijiji cha Kasekese, mke kwenye familia ya wafugaji. Tangu ajifungue, tendo la ndoa lilimuumiza, na mumewe alidhani anamkataa. Mama wa duka alijibu kwa ufupi: aende hospitali, na mumewe aende naye.

Ingeishia hapo. Mimi nikaendelea kuuliza. Mume anasemaje? Mnalala wapi siku hizi? Ukilia, anafanya nini? Yule dada alijibu yote, akiniita mama. Sikuwa na haja ya majibu yale. Nilitaka tu kujua.

Nikaiandika habari yake kwenye blogu. Jina nikaliondoa, lakini mapacha, ng'ombe na Kasekese nikaviacha humo, kwa sababu habari ilinoga hivyo. Tena siku hiyo nilikuwa nimeunganisha akaunti za blogu na Facebook ili nisichapishe mara mbili, ikatoka hata Facebook. Niliiona ndani ya dakika chache. Watu walikuwa wanaipenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, nikaiacha mpaka mchana.

Kufikia jioni wifi yake yule dada alikuwa amemsomea kaka yake. Mume akamrudisha mkewe kwao, mapacha wakabaki kwa bibi yao.

Mama alidhani kuna mtu ameiba nywila. Nikasema inawezekana. Kwa siku tatu nilimsikia akimpigia yule dada kumwomba radhi kwa kosa langu.

Mwese tulifika mchana, matope mpaka magotini. Mama mwenye nyumba ya wageni alinionyesha chumba chenye kitanda na ndoo ya maji. Nilikaa, nikawasha simu, nikampigia mama wa duka.

"Mama, hakuna aliyeiba nywila. Ni mimi. Na yale maswali ya mwisho sikukusomea, niliuliza mwenyewe."



"Kwa hiyo alikuwa anaongea na mwanaume."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimemwambia mumewe ni wezi wa mtandao. Ameanza kulegea, anasema labda mkewe hakutangaza. Sasa nitamwambia nini?"

Nikasema nitamwandikia yule dada, nimweleze mwenyewe.

"Ujumbe wa mwanaume kwenye simu ya mke wa mtu? Unataka uimalizie ndoa yake? Utakuja hapa. Nitamwita yeye na mumewe, utasema mbele yao ulichouliza na kwa nini."

Nikamwambia mume yule anaweza kunipiga.

"Anaweza," akasema, akakata.

Mwenye nyumba alirudi na daftari la wageni, akataka kujua nitakaa siku ngapi. Nikamwambia usiku mmoja, nikamuuliza pikipiki za kwenda mjini zinaondoka saa ngapi.