Njia Tuliyomfagilia Mgeni

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa katekista kijana wa kigango chetu, upande wa Muleba. Kijiji kilikuwa kimeamua kujichimbia barabara ndogo kutoka barabara kuu ya Bukoba hadi zahanati. Kabla ya hapo wagonjwa tuliwabeba kwenye machela, na mvua ikinyesha wabebaji waliteleza pamoja na mgonjwa wao. Kwa hiyo wilaya ilipotuma mtu wa kupiga vigingi, tulimshukuru Mungu, Wakatoliki na Walutheri kwa pamoja.

Vigingi vilipita kwenye rweya, yaani lile eneo la nyasi za malisho lisilolimwa, chini kidogo ya kibanja cha shangazi yangu, shamba la migomba linaloizunguka nyumba yake. Shangazi, dada wa baba, alikuwa mjane. Mumewe alizikwa kwenye ukingo wa chini wa kibanja hicho, katikati ya migomba, kama desturi yetu ilivyo, na kaburi lake lilipandiwa mulamula, mti ule tunaoutumia kwenye mipaka. Siku vigingi vilipopita chini ya kaburi bila kuligusa, shangazi alikuja kigangoni akasali rozari nzima peke yake.

Kisha ikaja habari kwamba serikali inamtuma mtaalamu wa mambo ya kale. Mwenyekiti wa kijiji alitueleza kuwa mtu huyo ataitembelea njia yote kabla hatujachimba, aone kama chini yake kuna mabaki ya watu wa zamani. Yakiwepo, barabara itasogezwa.

Sasa, kwetu mgeni akija nyumba hufagiwa, na sakafuni hutandazwa nyasi mbichi. Akina mama walipojadiliana waliona si heshima mgeni wa serikali kupita kwenye vichaka na mawe. Siku moja kabla hajafika wakaamka mapema, shangazi akiwa mbele yao, wakafyeka njia na kuifagia. Mawe meusi mazito yaliyokuwa yametapakaa kwenye rweya, pamoja na vigae, waliyabeba kwa vikapu wakayarundika pembeni ya kibanja cha shangazi. Nyasi mbichi zikatandazwa kutoka kigingi hadi kigingi. Njia ilipendeza kama ukumbi wa harusi.

Mtaalamu alikuwa mtu wa Morogoro, mpole, mwenye kofia ya majani. Aliitazama njia ile, akazitazama nyasi. Halafu akauliza kwa adabu ni nani aliyefanya kazi nzuri namna ile, na akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa mkalimani, kwa sababu wengi wao walisema Kihaya tu.

Alipofika kwenye lile rundo akachuchumaa. Akatueleza kuwa hayo si mawe, ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki watu wakiyeyusha chuma. Nilipotafsiri, mama mmoja Mlutheri alisema kwa sauti ya kusikika kuwa amefundishwa mengi shuleni, lakini hakujua kuwa chuma nacho huenda chooni. Kicheko kikaenea hadi kwa mtaalamu, ingawa hakuelewa neno mpaka nilipomwambia.

Kisha akageuzageuza vipande vya bomba la udongo ambavyo, alisema, vilipitisha upepo wa mivukuto. Akasimama akamwambia mwenyekiti kwamba matanuri ya zamani bila shaka yako hapa, ndani ya kibanja. Barabara ibaki chini, kwenye rweya, na mtu asichimbe upande huu wa juu.

Nilimtazama shangazi. Ilikuwa habari njema kuliko zote ambazo angeweza kuombea: kaburi limelindwa, tena na serikali. Nilipomtafsiria, hakufurahi. Akanivuta mkono.

"Mwambie mgeni mawe haya hayakulala hapa. Tumeyatoa kule chini jana."

Nikamwuliza kwa Kihaya kama anaelewa kwamba, ikiwa matanuri yako chini, barabara itapandishwa juu.

"Naelewa. Itapita kwa mume wangu. Mwambie tu, mwanangu."

Nikamwambia mtaalamu. Hakukasirika. Aliwaomba akina mama wamwonyeshe kila mmoja alikofagia, nao wakashuka, wakibishana ni wapi kikapu kipi kilijazwa. Wakiondoa nyasi walizozitandaza wenyewe, walimfikisha mahali karibu na kigingi. Akachimba shimo dogo la majaribio, taratibu, kwa mwiko mdogo kama wa fundi mwashi. Chini kukaonekana udongo mwekundu ulioungua, umezunguka kama mdomo wa chungu kikubwa, na ndani yake mkaa. Mimi nilifikiria mikono iliyofanya kazi pale kabla dini haijafika kwetu, nikawaombea kimoyomoyo, maana Mungu alikuwa akiwajua hata wakati huo.

Upande wa chini wa tanuri kulikuwa na bonde la maji, barabara isingeweza kushuka huko. Mwenyekiti akapandisha macho kwenye mulamula, akayashusha. Shangazi alikuwa amekaa chini, kitenge chake kimefunika magoti, akingoja.

Mtaalamu ndiye aliyechukua kamba. Akapima kutoka tanuri hadi kaburi, akapima tena. Akasema nafasi ya gari moja ipo, bila mfereji, kama kijiji kitakubali kujenga ukuta wa mawe upande wa juu ili kibanja kisiporomoke. Kazi ingekuwa kubwa mara mbili. Mwenyekiti akatugeukia. Mzee mmoja akasema amechoka kuteleza na machela, ila hajachoka kubeba mawe. Jambo likaishia hapo.

Ukuta ule tuliujenga msimu mzima, baada ya misa na siku za kazi za kijiji. Tanuri lilifukiwa kwa mchanga laini na bado limelala pale. Shangazi naye sasa amelala kando ya mumewe, chini ya mulamula uleule.

Madereva wasiotufahamu hulalamika juu ya kona hiyo. Magari mawili yakikutana pale, moja lazima lirudi nyuma lingoje. Nikiwa njiani kwenda kusali huwaona wakingoja, injini ikinguruma, mkono wa dereva nje ya dirisha ukigusa majani ya migomba ya shangazi.