Alama Niliyoifuta kwa Kiatu

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa kijana, nimetoka Chole kule Kisarawe na miguu mirefu na shule niliyoiacha katikati. Hesabu zilinikataa, nami nikazikataa. Nikawa nacheza tenisi kwenye uwanja wa udongo hapa Kibaha.

Ilikuwa fainali. Refa hatuna; mipira inayodondoka upande wako unaamua mwenyewe, na udongo unabaki na alama. Pointi ya mwisho, mpira wa mwenzangu ukagusa mstari, yaani uko ndani. Nikaburuza kiatu juu ya alama, nikapiga kelele: "Auti!" Nikapewa kombe.

Nikamfuata mwalimu wangu wa tenisi, Bi Tatu, meno yote nje. "Shikamoo mwalimu!"

Marahaba sikuipata. "Karudishe hilo kombe."

"Mwalimu, si nimeshinda?"

"Umeshinda kwa kufagia. Basi chukua fagio, ufagie na kwingine kote."

Nikarudisha. Watu walinicheka mpaka kule mtaa wa Maili Moja. Na uwanja niliufagia msimu mzima, mwanangu, mpaka mgongo ukawa kama upinde.

Baadaye tenisi ikawa kazi yangu. Nikazunguka nayo, nikipigwa sana, nikishinda kiasi. Goti lilipogoma nikawa kocha, halafu redio ikanichukua nitangaze mechi, na sauti yangu hii ya mashine ya kukoboa! Nilivyoipenda ile maiki, hata mke wangu aliionea wivu.

Juzi tu natangaza fainali, mtoto wa mfadhili wa redio yetu anacheza. Mpira umegusa mstari, naona. Kijana kaburuza kiatu, kasema auti.

Bosi akanizimia maiki. "Mzee wangu, hilo la kiatu liache. Ukilisema, kesho usije."

"Sawa," nikamwambia. "Washa."

Akawasha. "Wasikilizaji, mpira ulikuwa ndani. Alama imefutwa kwa kiatu. Mchezo huo naujua, niliucheza mimi kabla baba yake hajaoa!"

Basi, kesho yake sikwenda redioni. Nilikuwa uwanjani na fagio langu, natangaza mechi za wanafunzi wangu kwa mdomo mtupu. Wanasikia mpaka barabarani. Nani atanizimia?

Mwanangu, ukiiba pointi, irudishe hata wakikucheka. Ukiona inaibiwa, sema, hata kama maiki ni yao. Mungu akupe goti zima kuliko langu, na mdomo usiozimika.