Raundi Moja Kwenye Upepo wa Kusi

Siku ya kwanza nilipoingia kazini kwenye uwanja wa gofu pale Arusha mjini nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu mama alisema kazi ya mjini haianzwi na ndala. Msimamizi wa Uwanja, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wetu sisi watu wa nyasi, aliviangalia viatu vile kwa muda.

"Shikamoo," nikamsalimu.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Ruthi. Natokea Maji ya Chai."

"Ruthi, vua hivyo viatu. Visigino vitanitobolea grini."

Grini ni eneo dogo lenye nyasi fupi sana kuzunguka shimo, mahali ambapo mpira hauruki tena bali unaviringika. Nilishinda peku siku ile, nikisukuma mashine ya kukatia nyasi nyuma ya kijana mwenzangu wa Tengeru aitwaye Mathayo, ambaye alikuwa ameanza kazi wiki ile ile. Alinionyesha jinsi ya kugeuza mashine bila kuchubua ardhi. Jioni tuliondoka tukiongea Kimeru kama watu waliofahamiana tangu zamani.

Mwanamke kwenye uwanja wa gofu wakati huo alikuwa wa kupika au wa kukata nyasi. Makedi, yaani wale wanaobeba mfuko wa fimbo na kumshauri mchezaji, walikuwa wanaume watupu. Nilivuka mpaka huo kwa bahati tu. Asubuhi moja ya mvua makedi hawakutokea, na Nahodha wa Klabu, daktari mstaafu mwenye haraka zake, akaniita niache mashine.

"Unaweza kubeba?"

"Nimebeba ndizi tangu utotoni, Daktari."

"Basi beba. Na usiongee ninapopiga."

Tangu siku hiyo akawa ananiita mimi. Baadaye alinipa fimbo yake kuukuu ya chuma, namba saba, ile ya umbali wa kati. Mathayo naye akapata yake kwa mzee mwingine. Kila uwanja ulipobaki mtupu tulikuwa tukipiga mipira, yeye akinirekebisha mikono na mimi nikimrekebisha miguu. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Mpira wake ulipaa juu sana, ukaelea mbele ya Mlima Meru, ukashuka taratibu karibu na kibendera cha shimo. Hewa ya Arusha ni nyepesi kwa sababu tuko juu, na mpira uliopigwa juu husafiri mbali. Tulidhani huo ndio mchezo wenyewe.

Miaka ikapita, wote wawili tukawa wasaidizi wa Mwalimu wa Gofu. Kisha uongozi ukabadilika, na nafasi zetu mbili zikafutwa siku moja. Mathayo alikuwa na mke na watoto wanne. Mimi nilikuwa na mama ambaye hakuweza tena kuinuka kitandani peke yake. Ndipo Nahodha, ambaye kwa wakati huo alishaachia unahodha, akatuletea habari kwamba hoteli moja ya ufukweni, kisiwani, ilikuwa inatafuta mwalimu.

"Wanamtaka mmoja," alisema. "Nimewaambia ninao wawili. Nendeni mkacheze mbele yao. Atakayeshinda atabaki."

Tulisafiri pamoja, tukala chakula kimoja njiani. Mathayo alitania kwamba atakayeshindwa atamtunzia mwenzake kahawa shambani.

Uwanja wa kisiwani ulikuwa jambo lingine kabisa. Kwetu kila njia ya mchezo imezungukwa na miti, na miti huvunja upepo. Kule kulikuwa na mchanga, minazi michache iliyopinda upande mmoja, na bahari ikiwaka jua. Ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa kusi ukivuma bila kupumzika. Vibendera vilikuwa vimelala kama vinataka kung'oka.

Meneja wa Michezo, mtu wa pwani mwenye Kiswahili kilichonyooka, alitukaribisha kwa maneno machache. "Raundi moja, mashimo kumi na nane. Sheria zote za mashindano. Nami nitahesabu mikwaju yenu." Mkwaju ni kila pigo moja la mpira, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Mathayo alianza. Alipiga mpira wake mzuri wa Arusha, ukapaa juu, ukasimama hewani, halafu ukarudi nyuma na kuangukia kwenye mtego wa mchanga kando ya njia. Nilicheka. Nilipopiga wangu, ukafanya vile vile, nikaacha kucheka.

Mashimo ya mwanzo tuliaibika wote. Tulipofika shimo la saba, lililo ukingoni mwa bahari, nilikuwa nimesimama nikingoja zamu yangu nilipowaona kunguru wakienda kinyume na upepo. Hawakupanda juu. Walikuwa wakipita chini kabisa, matumbo yakikaribia kugusa nyasi. Nikachukua fimbo ya umbali mkubwa kuliko niliyokusudia, nikaweka mpira nyuma zaidi, karibu na mguu wa kulia, nikapiga nusu ya nguvu. Ukatoka chini kwa chini, ukadunda, ukaviringika hadi kwenye grini. Nikarudia shimo la nane. Ukatii tena.

Mathayo hakuona kunguru, aliona matokeo tu. Alizidi kutumia nguvu, na kadiri alivyotumia nguvu ndivyo upepo ulivyomchukulia mipira. Miwili ilikwenda baharini. Kwenye shimo la kumi alinisogelea huku Meneja akiwa hatua chache nyuma yetu, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kimeru, ili Meneja asielewe:

"Unafanyaje? Niambie."

Katika mashindano ya gofu ni marufuku kumshauri mpinzani wako, na ni marufuku yeye kuomba ushauri. Sheria hiyo sisi wenyewe tulikuwa tumewafundisha watu wengi. Nikamjibu kwa Kiswahili.

"Piga tu, Mathayo."

Alirudi kwenye mpira wake. Hakuniuliza tena, wala hakunisemesha mpaka raundi ikaisha. Nilishinda kwa tofauti kubwa. Meneja alitushika mikono sote wawili, kisha akanionyesha nyumba ya wafanyakazi. Mathayo aliondoka na boti ya kwanza bila kuaga.

Nilifanya kazi kisiwani mpaka kustaafu. Niliwafundisha wageni na wenyeji kupiga chini ya upepo, na wakuu watatu wa hoteli walipita nikiwa pale. Mama nilimweka kwa dada yangu, nikawa namtumia dawa. Alipofariki nilirudi Maji ya Chai, nikawakuta wanaume wakichimba kaburi. Mmoja wao alikuwa Mathayo, udongo umemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa analima mboga Tengeru na mambo yake yalimwendea vizuri. Alipanda kutoka shimoni, akajifuta mkono kwenye suruali.

"Pole, Ruthi."

"Asante, Mathayo. Asante kwa kuja."

"Nisingekosa. Mama yako alinilisha loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando kipindi kile tunasukuma mashine." Akakung'uta udongo kwenye nyusi. "Siku ile nilikukasirikia. Nilikukasirikia muda mrefu."

"Najua."

"Ungeniambia, na Meneja akagundua, angetufukuza wote. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Ila hasira haikuondoka siku nilipoelewa. Iliondoka taratibu."

Akarudi shimoni kuendelea na kazi.

Vijana wanaojifunza gofu siku hizi huniuliza kama naijutia raundi ile. Siijutii. Ningesema neno moja kwa Kimeru, ningekuwa mwalimu wa sheria niliyoivunja. Lakini pia sitawadanganya kwamba aliyefuata sheria hulala vizuri kila siku. Nilikaa miaka mingi bila rafiki wa kunirekebisha mikono, na mchezo wangu ulilionyesha hilo.

Mwaka huu, baada ya kurudi nyumbani moja kwa moja, nahodha wa sasa wa klabu ya Arusha, mama kijana, alitualika mimi na Mathayo tucheze mashimo tisa. Asubuhi ilikuwa shwari, mlima uko wazi mpaka kileleni. Mathayo alishika fimbo ya kuazima, akajinyoosha mgongo, akapiga. Mpira ulipaa juu kama zamani, ukaelea, ukashuka karibu na kibendera.

"Leo hakuna upepo, Ruthi," alisema. "Ukishindwa utamsingizia nani?"

Alinishinda kwa mikwaju miwili. Nilifurahi, ila si sana.